Picha Iliyokwenda Mwendo wa Kinyonga

Kokugonza alikuwa na ugonjwa mmoja: kupamba. Hata uji wa mgonjwa angeutafutia urembo. Basi alipotengeneza slaidi za kikundi chao cha akina mama wakausha dagaa wa Kirumba, hakukubali picha zifuatane hivi hivi tu. Katika ile programu yake ya bure, ya chanzo huria, akachagua picha mpya iifunike ya zamani taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, kama pazia linalovutwa. Nyumbani kwake ilipendeza, usipime.

Siku ya kwenda mbele ya kamati ya kugawa uwanja, kompyuta ya ofisi yao ilikuwa kikongwe. Uwanja wa ufukweni ulikuwa mmoja na waombaji wawili: akina mama waliotaka kuweka vichanja vya kuanikia dagaa, na Mihayo aliyetaka maegesho ya malori. Akina mama wakiukosa, wataendelea kuanika mchangani, na mnunuzi wao mkubwa alishasema dagaa wenye mchanga hawataki tena.

Mihayo alishamaliza maelezo yake, mbio mbio. Kokugonza akamwamkia mwenyekiti, Mama Wilhelmina, akaitikiwa marahaba, akabonyeza. Ukutani wakatokea dagaa walioanikwa mchangani, na mbuzi anakatiza katikati yao kwa raha zake. Akabonyeza tena ili waje wa kwenye vichanja. Wapi! Picha ikajikokota mwendo wa kinyonga, ilipofika katikati ikasimama. Akabonyeza na kubonyeza, kompyuta kimya, kama imepigwa ganzi.

"Dada Koku," akasema Mihayo, "haraka haina baraka, lakini hii sasa imezidi."

Watu wakacheka. Kokugonza aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Urembo wake ndio unawaponza wenzake, na hao wenzake wamejaa mlangoni, Getruda mbele, wamevaa kanga zao za sikukuu. Akageukia ukutani asizione nyuso zao.

Hapo ndipo akaona. Kulia, mchanga na mbuzi. Kushoto, dagaa wa kwenye vichanja, safi, wanang'aa. Wamekaa bega kwa bega, wakubwa kama mlango. Angezionyesha picha hizo moja moja, nani angelinganisha hivyo? Akaondoa kidole.

"Mama Mwenyekiti, naomba tubaki hapo hapo," akasema, na sauti yake ilikuwa imara. "Kulia ni tunavyofanya leo. Kushoto ni tutakavyofanya mkitupa uwanja. Sina la kuongeza."

Mama Wilhelmina akavaa miwani. Akatazama kulia, akatazama kushoto, bila papara. Kisha akamgeukia Mihayo.

"Baba, jioni hii nyumbani kwako, ungekula dagaa wa upande upi?"

Mihayo akajikuna kichwa. Akamtazama yule mbuzi. Mtu mzima hawezi kudanganya mbele ya mbuzi kama yule.

"Wa kushoto," akasema.

"Basi na wewe umewapigia kura."

Mkono wa Mama Wilhelmina ukainuka wa kwanza, na wanakamati wote wakafuata. Kokugonza akalia pale pale mbele ya watu, kwa furaha, wala hakujificha. Mlangoni Getruda akaanza vigelegele, wenzake wakavipokea, vikatoka nje vikateremka hadi sokoni Mwaloni, na wauza samaki wa huko wakajibu kwa vyao kabla hata ya kuuliza kuna nini.