Hamira ya Kiingereza, Hopsi za Yakima

Marlys Oberg aliinama juu ya ndoo ya bia, akakitazama kipimo cha kioo kinachoelea. Palepale pa jana! Bia inapochachuka sawasawa, kipimo huzama kidogo kidogo. Hiki kilisimama kama mlinzi. Na harusi ya binti yake Britta ilikuwa imekaribia.

"Hebu nionje," alisema Desmond, baba wa bwana harusi, aliyefika jana yake kutoka Yorkshire, Uingereza. Akapiga funda, akakunja uso. "Lo! Mkwe, hii bia au uji wa mtoto?"

"Cheka tu. Kimea ni cha kwenu, hamira ni ya kwenu. Changu ni hopsi tu, haya maua machungu ya kuipa bia harufu, na hata sijayatia!"

Alicheka, lakini roho ilikuwa juu. Alikuwa amemwahidi Britta kwamba nyumba mbili zitakunywa pipa moja, la Kiingereza na la Kimarekani kwa pamoja. Bonde zima la Yakima lilikuwa na habari, hata mchungaji. Sasa Britta alikuwa sebuleni na simu mkononi, tayari kuagiza bia ya dukani.

"Uliiamsha lini hamira?" Desmond aliuliza.

"Kuiamsha? Ndoo ikishafunikwa haiguswi. Ndivyo tufanyavyo huku."

"Basi ndilo kosa! Hamira ya kwenu hujituma. Yetu ni kama mimi Jumapili baada ya nyama ya kuoka: inashiba, inazama chini, inakoroma. Shika huku!"

Wakaikamata ndoo, huyu huku na huyu kule, wakaizungusha taratibu bila kufunua, hadi tope jeupe la chini likapanda. Marlys akaivika blanketi, akaisogeza karibu na jiko. Kisha akaomba kimoyomoyo, maana Mungu si Athumani.

Asubuhi alikuwa anamenya viazi aliposikia povu ndani ya ndoo: blup.

Kisu kikamponyoka. Blup! Blup-blup!

"Desmond! Amka, mkwe, imeamka!"

Desmond akaja mbio na soksi moja. Wakachota, wakapima. Kipimo kilikuwa kimezama vizuri, na utamu wa uji umepungua. Marlys hakungoja. Alikwenda kibarazani, akarudi na mfuko wa hopsi za mmea wake mwenyewe utambaao uani, kavu, zinanukia chungwa na msonobari.

"Zote hizo? Unataka kuwanywesha watu msitu?"

"Si wewe uliyeiita uji? Nusa kwanza."

Alinusa. Akanusa tena, akafumba macho.

"Haya, tia," alisema. "Tia, mwanamke, kabla haijalala tena!"

Hopsi zikamiminika, harufu ikajaa jikoni kote. Marlys akapiga ukelele hadi vyombo vikalia:

"Britta! Weka simu chini! Hatununui kitu!"