Sauti Iliyosafishwa

"Mama, ukitaka kukohoa nyoosha mkono, nijue pa kukata."

Kafedha aliitikia kwa kichwa chini ya blanketi. Alikuwa ameketi kitandani, amejifunika gubigubi na leso juu yake, simu ya bintiye mkononi. Dirisha lilikuwa limefungwa na pangaboi limezimwa, maana mlio wake uliingia kwenye rekodi. Hiyo ndiyo iliyokuwa studio: chumba kimoja cha kupanga Mtopanga, bati juu, na joto la Machi lisilomhurumia mtu.

Picha ikatokea kwenye simu. Kafedha akaanza kuieleza kwa Kigiriama, kama ilivyotakiwa.

"Naona mama amebeba mtungi. Anatoka kisimani. Nyuma yake mtoto, na huyu mtoto hana kandambili. Wapiga picha wenyewe hawakumwona? Dama, umekula?"

"Mama! Picha tu. Sema ya picha tu."

"Haya. Ya picha."

Mara mkono ukachomoza pembeni mwa blanketi. Dama aliandika dakika kwenye kipande cha karatasi huku mama yake akikohoa mpaka kitanda kikalia. Kilipotulia, sauti ya chini ikasema, "Vumbi tu hilo. Twende na nyingine."

Wakaenda na nyingine.

Dama alikuwa na digrii ya sayansi ya data. Alipokuwa bado chuoni, mama yake aliwahi kumuuliza watu wenye kisomo kama hicho huajiriwa wapi.

"Kila mahali, mama. Benki, wajue nani wa kumkopesha. Bima. Kampuni za simu. Bandarini, kwenye hesabu za meli na makontena. Hata hospitali."

"Hospitali? Wewe ambaye damu ya kuku inakukimbiza?"

"Si kutibu. Unakusanya habari za wagonjwa, unauona ugonjwa unavyopanda kabla haujamaliza watu."

Kafedha aliyashika yote hayo kwa moyo. Kule Mwakirunge, alikogonga kokoto tangu Dama akiwa mgongoni, aliyataja kila wanawake walipopumzisha nyundo: benki, bima, simu, bandari, hospitali. Rosalia, aliyekaa jirani naye kwenye kifusi, alikuwa akimtania. "Mwambie achague moja, hizo nyingine atuachie sisi."

Ole wake, hakuna hata moja iliyomchagua Dama. Bandarini walitaka mwenye uzoefu. Benki walisema wangempigia, na pengine bado wanaitafuta namba. Munga, aliyekuwa akimshinda darasani, sasa aliuza makava ya simu Kongowea na kujiita mwanasayansi wa makava. Alicheka kila aliposema hivyo, ila macho yake hayakucheka.

Ndipo ilipopatikana hii ya kampuni moja ya Nairobi iliyokuwa ikifundisha kompyuta kuelewa lugha za nyumbani. Kazi ya vibarua, si ya kuajiriwa. Unatafuta mtu mwenye Kigiriama kilichonyooka, unamrekodi saa nyingi kwa sauti ileile, kisha unaisafisha: kuku, pikipiki, fundi wa kuchomelea jirani, adhana, kikohozi, maneno yasiyo ya picha, vyote vinakatwa. Dama hakuhitaji kwenda mbali kutafuta mtu. Mama yake alifurahi kama aliyeitwa redioni.

Msimamizi wake, Clifford, alimpigia mwezi wa pili. "Dama, kazi yako iko fiti. Lakini hiyo kukohoa imekuwa mob, nyingi sana. Toa yote. Mteja anataka sauti safi. Ukimaliza hizi picha poa, ile nafasi ya kuajiriwa nakuwekea."

Kuajiriwa! Dama alilirudia neno hilo peke yake akiosha vyombo. Mama yake angeacha nyundo. Wangehamia nyumba yenye dirisha la pili. Akazidisha bidii. Alijifunza kukitambua kikohozi kwa macho, kabla hata ya kukisikia: mistari ya sauti ilisimama ghafla kwenye kioo cha kompyuta, minene, imebanana. Anaiteua, anaikata, sentensi mbili zinaungana, na huwezi kujua palikuwa na kitu. Vipande vilivyokatwa programu ilivitupa yenyewe kwenye faili aliloliita Taka.

Na Kafedha alijifunza kukibana. Wakati mwingine mkono ulichomoza na kurudi, na chini ya blanketi mabega yakatikisika bila sauti. Dama aliona. Kwa kweli alishukuru, maana kazi ya kukata ilipungua.

Mwishoni mwa Machi mama yake aliacha kwenda Mwakirunge. "Nimechoka na nyundo," alisema. "Si sasa nina kazi ya maana?" Dama alimwamini, kwa kuwa lilikuwa jambo tamu kuamini.

Picha ya mwisho waliirekodi asubuhi moja ya mawingu. Ilikuwa ya soko. Kafedha aliieleza kwa vipande vipande, akipumzika kila baada ya maneno machache, na Dama akajiambia kwamba mapumziko yale atayaziba baadaye. Mama alipomaliza, Dama akataka kumwonyesha Clifford ni taka nyingi kiasi gani alizotoa, ili bidii yake ijulikane. Kwa mazoea ya darasani akavipanga vikohozi vyote kwa tarehe na kuvichorea mstari.

Mstari ulianza chini, Januari. Ukapanda polepole, halafu ukapanda kwa kasi.

Mstari wa namna hiyo aliwahi kuuona mara nyingi ubaoni. Mhadhiri alikuwa akiugonga kwa chaki na kuuliza, hapa mngefanya nini? Na darasa zima lilijibu kwa pamoja: kuuwahi ugonjwa mapema. Aliinua macho kutoka kwenye kompyuta. Mama yake alikuwa anakunja blanketi, mkono mmoja ameuegemeza ukutani, mdomo wazi kutafuta hewa.

"Mama, vaa viatu."

"Twende wapi?"

"Hospitali."

Uso wa Kafedha ukachangamka wote. "Umepata kazi hospitali?"

Dama alipiga magoti akamvalisha viatu.

Daktari aliitazama picha ya kifua kwa muda mrefu. "Kikohozi hiki kilianza lini, mama?"

"Juzijuzi tu, daktari. Vumbi."

"Januari," Dama alisema. "Baada ya mwaka mpya. Mwezi wa pili kikazidi. Machi ndiyo kikawa kila dakika."

Daktari alimgeukia kwa mshangao. Hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Alisema mapafu yote mawili yamekuwa magumu kwa vumbi la miaka, ugonjwa wenyewe hauponi, lakini wangekuja mapema wangeweza kumpunguzia mateso na pengine kumwongezea muda. Kafedha alisikiliza kwa adabu. Njiani akasema daktari yule ni mpole, na kwamba hospitali ile ni safi, Dama akipata kazi pale asikatae.

Masika hayakuisha akiwa hai.

Walimzika nyumbani kwao, bara ya Kaloleni, na wanawake wa kokoto walikuja wote kwa lori moja. Rosalia alimshika Dama mkono kaburini, kiganja chake kigumu kama gogo. "Alituaga kwa maringo mama yako," alisema. "Akatuambia, sasa mimi ni mwalimu, nafundisha kompyuta Kigiriama. Tukamcheka! Naye akacheka, akakohoa, akaenda zake."

Dama alilia hapo kwa sauti kubwa, mbele za watu.

Clifford alipiga simu siku aliyorudi Mtopanga. Nafasi ya kuajiriwa imepitishwa, mkataba uko njiani. "Na pole tena kwa msiba, Dama. Lakini sauti ya mum imetoka safi ajabu. Huwezi hata kujua alikuwa mgonjwa."

"Asante," Dama alisema, akakata simu.

Alikaa kitandani, upande wa mama yake. Akafungua rekodi zilizokubaliwa, akasikiliza. Mama amebeba mtungi. Ng'ombe wamesimama mtoni. Soko lina watu wengi leo. Sauti ilikuwa ya Kafedha, laini, haina kwaruzo, lakini ilizungumza na hewa. Ingeweza kuwa ya mama wa mtu yeyote.

Alizima pangaboi. Akafunga dirisha. Akafungua lile faili la Taka.

Kikohozi. Kikohozi. Jogoo wa jirani. Kikohozi kirefu, na pumzi iliyotafutwa mpaka ikapatikana. Kisha, karibu kabisa na sikio:

"Dama, umekula?"

Ikafuata sauti ya msichana, kali, yenye haraka: "Mama! Picha tu."

Alirudisha nyuma. Safari hii kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe.

"Dama, umekula?"

Akasimamisha hapo. Jasho lilimtiririka mgongoni, na chumba kizima kilikuwa kimya, kimya cha kurekodia.

"Abee, mama," akasema. "Bado."