Toa Hiyo Filta

"We, toa hiyo filta! Mwanangu umemfanya zambarau!"

Dada huyo, kwa ujumbe wa sauti kwenye simu, ndiyo kwanza anaingia zamu kiwandani, kule mbali anakoshona mashati. Mtoto wake wa miezi miwili kamwacha kwetu, kwa mama na mimi mama mdogo. Tunamwita Bosi, maana akilia nyumba nzima inasimama. Na kila asubuhi lazima nimpige picha, mamake aione, la sivyo siku yake haiendi.

Nikacheka. Nikamjibu, "Filta gani? Hiyo si sura yako mwenyewe!"

Halafu nikaitazama ile picha. Jamani. Sikuwa nimeweka filta yoyote.

Nikarudisha picha za nyuma haraka haraka. Wiki iliyopita midomo ya pinki. Juzi imefifia. Leo zambarau ya kijivu, kama majivu yaliyomwagiwa maji. Nikamkimbilia Bosi, nikamfunua fizi: kijivu. Kucha: kijivu!

"Mama! Njoo umwone mtoto!"

Mama alikuwa jikoni analinda sufuria yake. Tangu mvua zianze, mashamba ya juu yalipotoka tu kumwagiwa mbolea, mto wetu umegeuka kijani, mzito, unanuka, na samaki wanaelea matumbo juu. Hatuna maji mengine. Kwa hiyo mama anachuja kwa kitambaa, anachemsha mpaka yabaki nusu, anaongeza kuni, anachemsha tena. Ndiyo anayochanganyia maziwa ya kopo ya Bosi. Majirani wanamtania eti anapika supu ya mawe.

Akaja anafuta mikono. "Baridi hiyo. Mfunike."

"Baridi gani, mama, mtoto ana jasho!"

Akamfinya kisigino kidogo. Bosi hakulia. Bosi, huyu huyu Bosi, hakulia! Mama akavua aproni.

Bodaboda moja, watu watatu na mtoto katikati, mpaka zahanati. Simu inatetemeka mfukoni njia nzima. Dada. Sikupokea. Ningemwambia nini?

Muuguzi akamchoma kisigino, tone la damu likatoka. Haki ya Mungu, lilikuwa la kahawia. Kama kahawa! Akamvalisha Bosi kile kibarakoa cha hewa, kinamfunika karibu uso wote, kisha akapiga simu gari la wagonjwa lije.

"Anakunywa nini?"

"Maziwa ya kopo."

"Maji mnatoa wapi?"

Mama akanyoosha mgongo. "Ya mtoni, lakini mimi siyo mzembe, mwanangu. Nayachemsha mara mbili, mpaka yabaki nusu. Mdudu gani atatoka humo hai?"

Muuguzi akakaza kibarakoa cha Bosi. "Wadudu wanakufa, mama. Mbolea haifi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki pale pale. Kama mchuzi ukiukausha, chumvi inakolea. Mtu mzima anaweza asione kitu. Mtoto mchanga, damu yake inashindwa kubeba hewa."

"Kwa hiyo kila nilivyozidi kuchemsha..."

Mama akakaa kwenye benchi, mikono mapajani, anaitazama kama siyo yake.

Hospitali kubwa wakamdunga dawa, na dawa yenyewe, amini usiamini, ni ya buluu. Mama akashtuka: "Mnampaka rangi tena?" Daktari akacheka. Sisi hatukuweza. Nikawa nimekodoa macho kwenye mdomo wa Bosi tu, nikiona kijivu, kijivu, kijivu, mpaka machozi yanatoka.

Simu ikatetemeka tena.

"Nipe," mama akasema. "Nimwambie mwenyewe."

Akaishika kwa mikono miwili. "Mwanangu. Yale maji... mimi niliyachemsha sana." Dada huko anapiga kelele: maji gani, mtoto yuko wapi, mbona hamsemi!

Basi hapo hapo Bosi akafungua mdomo akalia. Kilio cha kutoboa bati! Wodi nzima ikageuka, mimi na mama tukasimama wima kama kawaida yetu. Na ndani ya ule mdomo, pinki!

Nikampiga picha, nikaituma. Dada akawa analia na kucheka pamoja.

"Sasa mkirudi nyumbani," akauliza, "mtamchanganyia na maji gani?"

Mama akanitazama mimi. Maji tuliyonayo ni yale yale ya mtoni.