Bosi Yuko Dodoma

Asubuhi ile Debora aliambiwa asivae kitenge chake cha kila siku. Avae ovaroli. Elisante mwenyewe ndiye aliyeileta kutoka mjini, ya bluu, mpya, bado ina mikunjo ya dukani, na mgongoni imechapwa jina ambalo Debora hakuwahi kulisikia: Elisante Agro. Kwa miaka kumi na moja kiwanda kile kidogo cha kukamua alizeti pale Kibakwe hakikuwa na jina. Watu walisema naenda kwa Mama Jenifa, yaani kwa Debora, na ilitosha.

"Wakifika usiwakaribishe, shemeji," Elisante alimwambia. "Mfanyakazi hakaribishi wageni. Wewe endelea na mashine. Wakikuuliza, jibu. Wasipokuuliza, nyamaza."

"Na chai?"

"Chai nimeagiza hotelini."

Wageni walikuwa wawili, wametumwa na ofisi ya wahasibu ya Dar es Salaam: mwanamke mmoja mwenye kishikwambi mkononi, na mwanamume wa kupiga picha. Walipiga picha mashine, mizani, mapipa na magunia yaliyopangwa mpaka karibu na bati. Walipiga picha kibao cha mlangoni, ambacho rangi yake ilikuwa bado inanata. Kisha yule mwanamke akamsogelea Debora.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Umefanya kazi hapa muda gani?"

"Tangu mashine ilipofungwa."

"Mwajiri wako ni nani?"

Elisante alikuwa amesimama kwenye mizani, mikono mfukoni, anatazama milima kama mtu asiyesikia kitu.

"Ni huyo," Debora alisema.

"Anakuja mara ngapi?"

"Bosi yuko Dodoma. Lakini anakuja."

"Nani anapanga bei ya mafuta? Nani anaamua anunue alizeti ya nani?"

"Yeye."

"Akiwa Dodoma?"

"Anapiga simu."

Mwanamke aliandika. Akayatazama mafuta yaliyokwisha kuingia kwenye mistari ya viganja vya Debora, yale ambayo sabuni ilishayashindwa miaka mingi. Ikaonekana ana swali jingine mdomoni. Hakuliuliza. Alishukuru, akageuka, akaomba picha ya mwisho.

"Bosi, simama hapa, mkono uweke juu ya mashine. Hivyo hivyo. Mama, wewe sogea kidogo, unaingia kwenye picha."

Debora akasogea.

Elisante alikuwa mdogo wake Yotham, marehemu mume wa Debora. Alikuwa afisa wizarani, ana nyumba Ipagala pale Dodoma, ana gari, ana mke aitwaye Anna na watoto wawili wanaosoma shule ya kulipia. Kwa miaka miwili alikuwa akiifukuzia Kanada, na si kwa njia ya wanafunzi wala ya wanaokwenda kuosha vyombo. Alitaka njia ya wenye mali. Kulikuwa na jimbo moja huko, Manitoba, alisema, linalopokea watu wa kununua au kuanzisha biashara kwenye miji yake midogo. Unakwenda na mtaji wako, unaisimamia biashara mwenyewe, unaajiri watu, na mwisho wa yote unapewa ukaazi wewe na familia yako. Sharti lilikuwa uthibitishe kwamba umeshamiliki biashara na kuiendesha kwa miaka kadhaa, na kwamba mali uliyonayo ni yako kwa haki. Mshahara Elisante alikuwa nao. Biashara hakuwa nayo. Aliyekuwa nayo ni mjane wa kaka yake.

Ila hata hilo, ukienda kwenye karatasi, lilikuwa na shaka. Yotham alipofariki ukoo ulikaa siku ya tatu baada ya mazishi. Baba mkubwa, Mzee Matonya, alizungumza kwa ufupi. Alisema mali ya mtoto wao haiwezi kukaa mikononi mwa mwanamke ambaye kesho anaweza kuolewa kwingine. Hakuna aliyeuliza mashine ilinunuliwa kwa fedha gani. Ilinunuliwa kwa ng'ombe wa Debora, waliozaliwa na mtamba aliyepewa na mama yake, na kwa akiba ya Yotham ya misimu miwili. Elisante akachaguliwa msimamizi wa mirathi, mahakama ikagonga muhuri. Leseni ya biashara ilipoisha, Debora alikwenda kuihuisha, akaambiwa aje msimamizi mwenyewe. Akaja. Leseni ikatoka kwa jina la Elisante, na akaunti ya benki ikafuata.

Debora hakuona ubaya. Karatasi zilikuwa Dodoma, mashine ilikuwa kwake. Ni yeye aliyejua mkulima gani huchanganya mchanga kwenye gunia, ni yeye aliyewauzia wafugaji mashudu, ni yeye aliyelala na mlio wa ile mota masikioni.

Siku Elisante alipoileta hati ya kiapo alikula kwanza. Alikaa jikoni kwa Debora kwenye kigoda, akala ugali wa uwele na mlenda mpaka akalamba vidole, akausifu. Kisha akanawa, akafungua mkoba. Hati ilisema kwamba Debora ni mwajiriwa, kwamba mashine, jengo na biashara ni mali ya Elisante peke yake, na kwamba yeye Debora hana dai lolote.

Debora aliisoma taratibu, kidole chini ya kila mstari.

"Hii si kweli," alisema.

"Ni karatasi tu, shemeji. Wazungu wanapenda karatasi. Nikishafika kule wakili anakurudishia kila kitu kwa jina lako, na hiyo mirathi tunaifunga. Na Jenifa akimaliza unesi nitamvuta. Kule manesi wanatafutwa kwa tochi."

"Na nisipoandika?"

Elisante alikunja uso kama mtu aliyeumizwa. "Mimi sikulazimishi. Nani kasema nakulazimisha? Ila nikikaa hapa hapa Tanzania, wazee wataendelea kunisumbua. Baba mkubwa anakitaka hiki kiwanja tangu msiba. Mimi ndiye ninayemzuia. Na ada ya Jenifa, unajua inatoka wapi."

Debora alijua inatoka wapi. Ilitoka kwenye alizeti. Lakini ilipitia kwa Elisante.

Akaandika jina lake.

Miezi tisa baada ya wale wahasibu kuja, Elisante alipiga simu akicheka na kulia. Jimbo limemkubali. Anna naye akachukua simu, akasema, "Dada, Mungu amekukumbuka na wewe." Jumapili ile Debora alitoa shukrani kanisani.

Habari ya pili haikupigiwa simu. Ilikuja na pikapu. Nurdini, mfanyabiashara wa alizeti kutoka Kibaigwa, alishuka na fundi mwenye futi, wakaanza kupima ukuta.

"Mbukwenyi," Nurdini aliwasalimu wanawake waliokuwa wakipepeta alizeti, kwa Kigogo cha kujifunza sokoni. Kisha akamgeukia Debora. "Mama, wewe ndiye mfanyakazi wa zamani? Bosi wako ameniambia habari zako. Amekusifia sana."

"Mnapima nini?"

"Chumba. Nataka kuongeza mashine ya pili. Hajakwambia? Tumemalizana tangu Jumatano."

Debora alitoka nje, akapanda mpaka kwenye jiwe ambako simu hushika vizuri. Elisante alipokea mara ya sita.

"Shemeji, nilikuwa nakuja kukueleza. Nimepata biashara ya kununua kule. Ni dobi, watu wanakuja na nguo zao, mashine zinafua zenyewe. Mwenye nayo ni mzee, anataka kupumzika. Sasa jimbo haliangalii maneno, linaangalia mtaji, na muda wamenipa mfupi. Nifanyeje? Nikisimama nitakununulia mashine mpya, ya kisasa."

"Uliniambia ni karatasi tu."

"Ndiyo," alisema Elisante. "Ni karatasi."

Jenifa alipopata habari alirudi kutoka chuoni kwa ruhusa ya siku tatu. Aliandika barua pepe Kanada, Kiingereza chake kizuri, akaeleza yote. Jibu lilikuja: wanashukuru, lakini habari za mwombaji hazizungumzwi na mtu mwingine. Basi wakashuka wilayani, mahakamani, na wakaitwa wiki ya tatu.

Hakimu hakuwa mkali. Alimsubiri Debora amalize kuapa. Mbele yake kulikuwa na hati ile. Aliisoma kwa sauti yote, mpaka tarehe, kisha akaiinua.

"Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa."

"Ulishikiwa panga?"

"Hapana."

"Ulifungiwa ndani?"

"Hapana. Alikula, ndipo akaniomba."

Nyuma mtu alicheka. Hakimu akamtazama mpaka akanyamaza.

"Unajua kusoma?"

"Najua."

"Ulisoma kabla ya kuandika?"

"Nilisoma."

"Sasa, mama, nisikilize. Humu umeapa kwamba wewe ni mwajiriwa na huna dai. Leo umesimama hapa, umeshika Biblia, unaapa kwamba wewe ndiye mwenye mali. Viapo viwili, na kimoja ni uongo. Uliongopa siku ile, au unaongopa leo?"

Debora alimtafuta Jenifa kwa macho. Binti alikuwa ameshika ubao wa benchi kwa mikono yote miwili.

"Pima jibu lako," hakimu aliongeza, karibu kwa huruma. "Kuongopa chini ya kiapo ni kosa la jinai. Ukisema ni siku ile, itabidi nimwite askari."

Wakili wa Elisante alikuwa akipekua simu yake. Elisante mwenyewe hakuwepo. Ilisemekana yuko kwenye maandalizi ya safari.

Debora alifikiri habari ya Jenifa kubakiwa na mwaka mmoja chuoni. Alifikiri ni nani atakayempelekea chakula gerezani, na jibu likawa Jenifa.

"Sijui, mheshimiwa," alisema.

Karani akaandika: hajui.

Elisante na familia yake waliruka mwezi wa kwanza. Baba mkubwa aliwasindikiza mpaka uwanja wa ndege kwa gari la kukodi, na aliporudi alikuja kutembea kwenye kiwanja cha nyumba ya Debora, anahesabu hatua, hakusalimia.

Debora alilima vibarua vya watu msimu ule. Mvua zikakatika mapema. Chuo kikatangaza kwamba asiyemaliza ada hatafanya mtihani. Ndipo akaenda kwa Nurdini, akaomba kazi, na Nurdini, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamwelekeza kwa msimamizi wake, Batholomeo, mtu wa makamo, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Nafasi ipo," Batholomeo alisema. "Ila taratibu zetu, mama, lazima ulete barua ya mwajiri wako wa zamani. Tujue tunamchukua nani."

Jenifa, aliyekuwa amerudi nyumbani kutafuta ada, akamwandikia Elisante, na barua ikaja kwenye simu yake ndani ya saa moja. Elisante hakuchelewa safari hii. Waliichapisha dukani, na Jenifa akaisoma akiwa amesimama pale pale barazani: kwamba Debora amemtumikia kwa uaminifu kwa miaka kumi na moja, kwamba ni mtiifu, anaelewa maagizo, na hana makuu, kwamba anampendekeza kwa moyo wote kwa kazi yoyote isiyohitaji usimamizi. Chini kulikuwa na jina lake, na chini ya jina, anwani ya dobi.

Jenifa alimpa mama yake karatasi, akaenda kusimama juani, akampa mgongo.

Jumatatu Batholomeo alimpokea mlangoni, akamweka mita moja kutoka kwenye mashine, akamwambia aweke mikono nyuma, aangalie tu. Akawasha mota. Akakaza skrubu mpaka mwisho na akamwaga alizeti debe zima kabla chuma hakijapata joto.

"Unaona, mama? Hivi ndivyo inavyoanzishwa. Usiogope kelele. Utazoea."

Mota ikaanza kuguna. Debora aliusikia mguno ule kwenye nyayo kabla haujafika masikioni, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye swichi.

"Usiguse!" Batholomeo akaudaka mkono, akaurudisha nyuma, kwa upole kabisa. "Hiyo bado hujafundishwa."

Moshi mwembamba ukatoka kwenye mdomo wa mashine. Mafuta ya kwanza yakaanza kudondokea kwenye dumu, meusi, yananuka kuungua, na wanawake waliokuwa wakipepeta nje wakaacha ungo zao, wakamtazama Mama Jenifa, wakisubiri aseme kitu.

"Umeelewa?" Batholomeo aliuliza.

"Nimeelewa, bosi," alisema Debora.