Gaudens Aonje Kwanza

Wiki ya pili sasa Eliakimu alikuwa nyuma ya magunia ya maharage, dukani kwa baba yake Kariakoo, huku wenzake wa darasa la kumi wakiendelea na masomo. Kosa lake lilikuwa kikombe kimoja cha mbege, pombe ya ndizi. Alirudi nyumbani akimwamkia shikamoo mbuzi wa jirani, na Mzee Elisaria akamtoa shule mpaka mwezi uishe.

Kikombe chenyewe alipewa na Gaudens, mtoto wa karani. "Darasa zima tunakunywa," alimwambia siku hiyo. "Umebaki wewe na maziwa yako."

Eliakimu aliapa kwamba huyo atamkomesha.

Wateja ndio waliomfungua macho. Fikirini, wa darasa lake, alitumwa chumvi. Eliakimu akamwuliza kama naye anakunywa mbege.

"Mimi? Hata kuonja. Ila wenzangu wote wanakunywa, tena sana. Gaudens kaniambia."

Bakili naye hivyohivyo. Mpaka Ijumaa walishakuwa saba, kila mmoja akijiona ndiye pekee aliyebaki.

Jumamosi Eliakimu alikwenda Gerezani kwa shangazi yake Severa, aliyewapikia mbege mafundi wa reli. Akasema baba kamtuma kibuyu cha mbege. Akapewa kimejaa, pamoja na salamu. Akakipeleka moja kwa moja Mnazi Mmoja, darasa likipumzika baada ya mpira.

"Gaudens, ndugu yangu," alisema kwa sauti laini kama ya mganga, "kwetu Wachagga anayekaribisha huonja kwanza, mgeni aone hamna sumu. Siku ile ulinikaribisha bila kuonja. Basi onja leo."

"Leo sina kiu."

"Mnywaji gani anangoja kiu?" Fikirini akauliza.

Macho yote yakamganda. Gaudens akapiga funda. Likapanda puani, likashukia shati jeupe, naye akakohoa mpaka machozi.

"Kumbe hata wewe hunywi?" Bakili alisema taratibu. Wakatazamana, kisha kicheko kikawashika wote, hata waliokuwa wakiona aibu.

Eliakimu akaimwaga mbege iliyobaki mchangani. "Haya, kamsalimie mama na hilo shati."

Mama huyo, Benedikta, aliongoza kwaya, na pua yake haikuwa ya kuchezea. Jioni alifika dukani akimkokota mwanawe kwa sikio. Gaudens akasema yote: uongo wake, kikombe, na kibuyu kilikotoka.

Mzee Elisaria akamgeukia Eliakimu. "Nilikutuma mimi?"

"Hapana, baba."

"Ongeza mwezi."

Eliakimu alilitazama lile sikio lilivyoiva, bado liko mkononi mwa mama mtu. Akaona mwezi si mwingi.