Mwisho Aliomtungia Baba

Fundi wa kuchomelea vyuma hakuficha dharau yake. Bintiye alikuwa amekwenda chuo kikuu kusomea fasihi ya Kiingereza, naye akaiita digrii ya porojo. "Wenzako wanasomea kutibu watu, wewe unasomea watu ambao hawajawahi kuzaliwa." Binti aliporudi akakosa kazi, mzee alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi hicho hakikumwacha tena.

Mapafu yalipomlaza kitandani, ni yeye mwenyewe aliyeomba asomewe. Binti akachukua riwaya aliyoipenda chuoni, akawa anaitafsiri papo hapo: mzee mkaidi amemfukuza mwanawe, sasa anakufa na bado hamwiti. Hakuichagua ovyo. Kaka yake alifukuzwa na baba karakanani kwa maneno mazito, akaapa harudi mpaka aitwe, na baba alikuwa amekataza asiambiwe habari za ugonjwa.

Kitabu kikaanza kumwingia. "Huyu mzee mpumbavu," fundi alisema. "Mtoto akikunyea kiganja, unakikata? Si amwite tu." Jioni moja akamwambia binti asogeze simu karibu. "Tumalize kwanza hiki kitabu, halafu tutaona."

Ukabaki ukurasa mmoja. Humo mzee anakufa peke yake, na mwana anafika na kukuta kitanda kitupu. Mwalimu wa chuo alizoea kusema kwamba mwisho mchungu ndio kazi yenyewe ya kitabu, na binti alimwelewa vizuri, akafaulu mtihani. Lakini alipoutazama uso wa baba yake, uliokwisha ukabaki macho tu, huruma ikamshinda. Akasoma kwamba mwana aligonga mlango, akaingia, wakashikana mikono.

Fundi alitabasamu. "Umeona? Damu nzito kuliko maji. Kaja mwenyewe." Akaisukuma simu pembeni. "Na wetu atakuja. Usimpigie."

Hapo ndipo binti angepaswa kusema kweli. Aliona haya, akajipa moyo kwamba kesho ipo. Kulipokucha baba yake alikuwa ameshakata roho, uso umeelekea mlangoni.

Kaka alifika siku ya mazishi, na nguo za kazi mwilini.

"Mbona hakuniita?"

"Alijua utakuja."

"Nani alimwambia?"

"Kitabu," binti alijibu, akakisingizia, maana kitabu chenyewe kilikuwa kimesema kweli.