Mikanda Mitupu Kwenye Kamba

Hakuna watu Kalemie wanaovuta wavu kama sisi, na anayebisha aje Jumamosi asubuhi ajionee. Wavu wetu ni mrefu. Mtumbwi unauzungusha majini mpaka unajikunja kama mwezi mchanga, kisha kamba zake mbili zinaletwa ufukweni, moja upande wa mto Lukuga, nyingine upande wa bandari, na barabara nzima inashuka kuvuta: wanaume, wanawake, wakwe, hata wageni waliofika juzi kutoka Uvira. Kila mmoja ana mkanda wake, mpana, uliosukwa kwa nyuzi za wavu uliochakaa. Unaufunga kwenye kamba, unauzungusha kiunoni, unaegemea nyuma kwa uzito wako wote, na ziwa linaanza kukufuata. Mkanda wa mtu tunaujua kama tunavyoujua uso wake.

Mtu akiugua, mkanda wake haubaki nyumbani. Jirani anauchukua na kuufunga mahali pake, unaning'inia mtupu, na hakuna anayesimama pale. Samaki wakigawanywa, mkanda mtupu unapata fungu lake sawa na mvutaji aliyelowa jasho. Desturi hiyo hatukuisoma popote. Ni yetu.

Kapita wa wavu ni Delphin. Yeye hana mkanda, kwa sababu kapita hashiki kamba. Anasimama katikati, miguu majini, anaimba, nasi tunaitikia. Maneno anayatunga papo hapo, na sauti yake inasikika hadi kwa wanawake wanaoanika ndakala, dagaa wetu, mwisho wa ufuko. Delphin akiimba hata mvivu anavuta. Hiyo ndiyo ilikuwa nguvu yake, na mwezi ule ndiyo ilikuwa hatari yake.

Kipindupindu kilikuwa kimerudi. Watu kumi wa barabara yetu walikuwa wamelazwa kwenye mahema ya matibabu, na mmoja wao alikuwa Hénoc, mdogo wake Delphin, tumbo moja. Watu wa chanjo nao walikuwa wamerudi. Walikuwa wamekuja mwaka uliopita na vichupa vyao vidogo vya kunywa, na sasa waliweka tena meza yao chini ya turubai, pale ufuko unapokutana na njia. Jumamosi ilikuwa siku yao ya mwisho kwetu. Baada ya hapo wangehamia Katanika.

Mapema juma lile Delphin alimsimamisha Julie mbele ya watu. Julie ni reko wetu, jirani aliyejitolea kupita nyumba kwa nyumba kwa mambo ya afya.

"Mama Julie, hao kumi walio kwenye mahema, wangapi walikunywa dawa yenu mwaka jana?"

Julie si mtu wa kuficha. "Sita walikunywa. Wanne hawakunywa."

"Sita."

"Ndiyo, Papa Delphin, lakini ukitaka kuelewa..."

"Tumeelewa. Sita kwa wanne. Watu wote wamesikia."

Kesho yake ulikuwa wimbo tayari:

*Kumi wamelala,*
*sita walikunywa,*
*dawa ya kichupa*
*njo ilowalaza.*

Nauandika hapa, na njo yetu ni ndiyo yenu, kwa sababu ulikuwa wimbo mzuri. Ulikuwa na miguu. Ulitoka ufukweni asubuhi, mchana ukawa sokoni, jioni watoto wakaruka nao kamba. Watu walipita mbele ya meza ya chanjo wakiuimba, na Julie akabaki ameketi na kisanduku chake cha barafu, vichupa vimejaa ndani, hakuna anayenyoosha mkono.

Nyumbani kwa Delphin kulikuwa na mtu mmoja ambaye wimbo ule ulimhusu kuliko wote, naye alikuwa na miaka mitatu. Abigaël alikuwa Moba kwa bibi yake wakati wa chanjo ya kwanza. Mama yake, Carmel, alikunywa. Baba yake alikataa. Mtoto hakuwepo. Nyumba yao na yetu zinagawana ukuta wa matofali mabichi ambao haujawahi kuzuia neno hata moja.

"Papa Abi, kesho wanamaliza."

"Waende salama."

"Mutoto hajakunywa."

"Na hatakunywa. Ufukweni unaimba na watu wote, ukifika hapa unageuka?"

"Mi naimba kwa sababu wimbo ni mutamu. Hénoc amelala kwa mahema. Na Hénoc hakunywa."

Delphin akasema, bila kupaza sauti, "Ukimunywesha kwa siri, utarudi kwenu Kirungu, na milima yake utaipanda na miguu."

Nilimsikia Carmel akimwimbia mtoto kitu kingine, si wimbo ule.

Jumamosi ziwa lilikuwa limetulia, maji yamelala kama bati jipya. Mtumbwi ulikwisha kuzungusha wavu na kamba zilikuwa mchangani. Basile, ambaye ana tumbo kubwa na mdomo mkubwa zaidi, alikuwa anafunga mkanda wake.

"Kapita, mi nilikunywa mwaka jana," alisema. "Na naona bado ninakushinda kula."

Watu wakacheka. Delphin naye alicheka, kisha akanyoosha mkono kuelekea kamba.

"Vizuri, Basile. Leo tutajua. Waliokunywa wote washike kamba ya Lukuga. Sisi ambao hatukunywa tutashika ya bandari. Ziwa njo litasema nguvu iko wapi."

"Na mikanda ya wagonjwa?" aliuliza Carmel. Alikuwa amesimama na wanawake, Abigaël mgongoni.

"Kila mumoja upande wake. Sita kule, wanne huku. Watu waione vizuri."

Alitaka tuione. Alitaka ile sita yake ining'inie mbele ya macho ya kila mtu, mbele ya meza ya Julie, ili jambo liishe. Na alikuwa na hakika kwamba kamba ya bandari itajaa, kwa sababu juma zima alikuwa amesikia barabara yote ikiimba naye.

Tukaanza kutembea. Mama Alphonsine, aliyekuwa akiitikia wimbo kwa sauti kuliko sisi sote, alimpita Delphin na mkanda wake begani, akaelekea Lukuga.

"Mama Alphonsine, unaenda wapi?"

"Kamba ya waliokunywa, Papa."

"Weye ulikunywa?"

"Na watoto wote wa nyumba. Walikuja na vichupa, tukameza, tukarudi kwa kazi. Nani anakumbuka kitu kama kile?"

"Lakini unaimba."

"Naimba, ndiyo. Hukuniuliza kama nilikunywa."

Nyuma yake walipita wanawe. Wakapita majirani wa chini, wakapita wale wa Uvira ambao walikunywa kwao kabla ya kuja, wakapita vijana wa mtumbwi, nikapita mimi. Kila mmoja wetu alikuwa amemeza tone lake mwaka uliopita na kulisahau, kama unavyosahau mvua ya siku moja. Kamba ya Lukuga ilijaa kutoka majini hadi kwenye mchanga mkavu, ikajaa kupita vichanja vya ndakala, ikajaa hadi njiani, na watu bado walikuwa wanatafuta nafasi. Ilibidi baiskeli zisimame.

Kwenye kamba ya bandari walisimama watu wanane.

"Na weye, kapita?" aliita Basile kutoka mbali. "Uko kamba gani?"

Delphin aliangalia mikono yake. Katika miaka yote tuliyomjua hakuwahi kugusa kamba. Alitembea hadi kwenye kamba ya bandari, na kwa kuwa hakuwa na mkanda, aliishika kwa viganja vitupu. Nafasi aliyoipata ilikuwa kati ya mkanda wa Hénoc, wa nyuzi za buluu, na mkanda wa Mama Emilie, mwingine wa wale wanne. Yote miwili ilikuwa mitupu. Upepo mdogo wa asubuhi uliisukuma, na ule wa buluu ukampiga gotini, taratibu, kama mtoto anayeita.

Nilimwona akigeuza kichwa. Mbele ya ile mikanda, watu wawili, kisha mkanda mtupu. Nyuma yake, watu wawili wengine, kisha mkanda mtupu. Kamba ile ilikuwa kinywa kilichong'olewa meno. Halafu akaangalia upande wetu, akitafuta sita yake. Aliangalia muda mrefu. Hakuiona.

"Basile," aliita. "Mikanda ya wagonjwa kwenu iko wapi?"

"Iko hapa hapa katikati ya watu."

"Inueni juu, niione."

Tukaanza kuulizana. Kuna aliyekuwa karibu na mkanda mtupu na hakujua, kwa jinsi tulivyobanana. Mkono mmoja ukainuka karibu na maji. Mwingine mbali, kwenye vichanja. Mwingine kule njiani, kwenye baiskeli. Sita, ndiyo, sita kamili, imetawanyika kwenye ule msitu wa watu kama taa za mitumbwi zinapokuwa mbali ziwani.

Hakuna aliyecheka. Hata Basile. Sijui nani alianza kuelewa kwanza. Nafikiri tulielewa kwa pamoja, kama kamba inapokaza mikononi mwa wote kwa wakati mmoja. Sita ilikuwa kubwa kuliko nne pale tu tulipoitazama peke yake. Hakuna aliyekuwa ameuliza sita kati ya wangapi, na wanne kati ya wangapi. Jibu lilikuwa limesimama mchangani, linapumua, lina majina, na lilikuwa refu kuliko sauti ya Delphin.

Yeye hakuishia hapo. Huyo ndiye Delphin. Akianza jambo analifuata mpaka mwisho wake, hata likimuuma. Alimwita Basile aje karibu, akasema naye kwa sauti ya chini, na maneno yakapita kwetu kutoka mdomo hadi mdomo: huku kwao, watu wawili wamesimama, wa tatu hayupo. Basi na kwetu iwe vile vile, kana kwamba hakuna aliyekunywa. Wawili wabaki, wa tatu atoke kwenye mkanda wake, auache kwenye kamba.

Ikaanza kutoka majini. Wawili wakabaki, kijana wa mtumbwi akatoka. Wawili, akatoka mtoto mkubwa wa Mama Alphonsine. Wawili, akatoka mke wa mwalimu. Wawili, nikatoka mimi, na nikasimama pembeni nikiutazama mkanda wangu mwenyewe ukining'inia bila kiuno. Nimetunga beti nyingi maishani mwangu na sina ubeti wa kitu kile. Kamba nzima ya Lukuga, kutoka majini hadi njiani, ilikuwa inajaa mikanda mitupu, mmoja baada ya mwingine. Haikuwa mikanda ya watu wasiojulikana. Ule wa kijani, ule wenye fundo la ngozi, ule ulioshonwa kwa kitenge cha harusi. Tulikuwa tunatazama mazishi ambayo hayakufanyika. Na watu wa mazishi yale tulikuwa sisi, tumesimama juani, wazima, njaa inatuuma.

Mama mmoja alipiga magoti. Wengine walivua kofia.

Karibu na vichanja hesabu ilimfikia Carmel. Alitoka kwenye mkanda wake, Abigaël mgongoni, na mkanda ukabaki unacheza na upepo. Delphin aliuona. Ni yeye aliyeusuka, mwaka walipooana, wa nyuzi nyekundu na nyeupe.

Hakuweza kumfuata, kwa sababu wavu ulikuwa majini na watu wa kamba yake walikuwa wachache mno, angeiachia, ungetoroka. Akainua kidevu kuelekea turubai.

"Mama Abi," aliita. "Mupeleke."

"Wapi?"

"Unajua wapi. Mupeleke sasa, mi nimeshika."

Carmel alikwenda. Hakukimbia, lakini mchanga uliruka nyuma ya visigino vyake. Kutoka kwenye kamba tulimwona Julie akiinuka, tukaona kichupa kidogo kikimeta, tukaona kichwa cha Abigaël kikilala nyuma, na mkunjo wa uso ambao hata kwa mbali ulisema kuwa dawa ni chungu. Delphin alikuwa ameegemea nyuma, miguu imezama mchangani, macho hayatoki pale.

"Kapita," aliita Basile, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake. "Wavu unapinda. Tugawe watu."

"Gaweni."

Nusu yetu tukahamia kamba ya bandari. Tulifunga mikanda yetu kando ya ile mitupu, tukiacha kila nafasi yake.

"Sasa imba."

Delphin aliangalia mkanda wa buluu, akavuta. Tukavuta bila wimbo. Tulisikia maji, pumzi, na kamba ikilia. Wavu ulikuja mzito, fedha tupu, na hata samaki walipoanza kurukaruka kwenye kina kifupi hakuna aliyepiga kelele.

Aligawa mwenyewe. Aliweka mafungu ya mikanda mitupu kwanza, yote kumi, kwenye majani mabichi, sawa kwa sawa, bila kutenga wa huku na wa kule. Kisha akapanda kwenda mezani. Mbele yake kulikuwa na foleni tayari. Walikuwa wale wanane wa kamba ya bandari, na watu wenye watoto waliozaliwa baada ya mwaka jana. Alisimama mwisho wake, na hakuna aliyempisha, naye hakuomba.

Zamu yake ilipofika, Julie alimtazama. "Sitakudanganya, Papa Delphin. Haizuii kila kitu. Kuna wenye wanakunywa na bado wanaugua."

"Najua. Sita."

Alinyoosha mkono kupokea kichupa, akashindwa kukikunja kiganja. Kamba ilikuwa imemchuna ngozi pande zote mbili. Julie akakata kichupa mwenyewe.

"Fungua kinywa," alisema.

Abigaël, akiwa ameshikwa mkono na mama yake, aliinua kidole chake kilichopakwa wino, alama ya aliyekwisha kunywa, akamwonyesha baba yake mahali pa kupakwa.